Mama Mkwe na Pikipiki ya Miaka ya Thelathini

Msibani kwa mama mkwe wangu, kila aliyesimama kusema neno alimwita mpole. Mwenyekiti wa jumuiya alisema mpole. Kiongozi wa kwaya alisema mpole, mtulivu, mtu asiye na makuu. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai pamoja na wanaume wengine wa ukweni. Nikaomba radhi, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, karibu na karo la kufulia, mpaka walipomaliza. Si kwamba sikumpenda. Nilitengeneza pikipiki ya mwanamke yule kwa zaidi ya miaka kumi, na huo upole wake sikuwahi kuuona.

Mimi ni fundi pikipiki. Gereji yangu iko Kibaoni, banda la mabati lililo wazi pande tatu, na wateja wangu ni vijana wa bodaboda. Pikipiki zao nazifungua nikiwa naongea na simu. Ikija imekufa asubuhi, mchana inabeba abiria. Spea zipo duka la jirani, na ukikosa ya aina hii unafunga ya aina ile, maisha yanaendelea. Ndivyo nilivyozoea kazi. Kisha nikaoa, na pamoja na mke nikapewa mashine iliyotengenezwa Marekani miaka ya thelathini, ambayo spea zake hazikuwa duka la jirani wala duka lolote nililolijua.

Ilikuwa imekaa sebuleni kwa mama mkwe. Si stoo wala uani. Sebuleni, pamoja na kigari chake cha pembeni cha kukalia abiria, imefunikwa vitambaa vilivyodariziwa maua mekundu. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani kuipisha, na mgeni akikaribishwa alikaa akitazamana na taa yake ya mbele, kubwa kama sufuria. Silinda zake mbili zilikuwa zimeachana kama vidole viwili. Gia ulibadilisha kwa mkono, kwa fimbo ndefu iliyosimama ubavuni mwa tangi, upande wa kushoto. Klachi ulikanyaga kwa mguu. Nyuma haikuwa na springi hata moja, isipokuwa zile zilizo chini ya tandiko. Tangi lilipakwa kijani na rangi ya maziwa, na juu yake kimechorwa kichwa cha ndege mwenye mdomo mkali.

Padri mmoja mzungu aliyekuwa misheni zamani aliipata kutoka kwa mwenye shamba, akawa anaendea vigangoni, na alipoondoka kurudi kwao alimwachia katekista wake. Katekista huyo ndiye baba mkwe wangu, ambaye sikumkuta hai. Mara ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha, nimevaa suruali ya kuazima na mshenga wangu pembeni, mama mkwe aliuliza swali moja tu.

"Huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Ni fundi pikipiki, mama," akajibu mshenga.

Mama akaitazama ile mashine, kisha akanitazama mimi, kisha akasema tukaribie chakula. Baadaye marafiki zangu walinitania kwamba mahari yangu ilikuwa bado haijaisha, na kwamba ilikuwa sebuleni imefunikwa vitambaa. Nilicheka. Wakati huo nilikuwa bado nacheka.

Neno lake la kunimaliza lilikuwa "si yake." Nilihangaika na kifaa wiki nzima, nakichonga, nakipiga msasa, napeleka Jumamosi nimekifunga kwenye gazeti. Yeye anakishika, anakigeuza mara moja, ananirudishia. "Hii si yake." Halafu anarudi kwenye ungo wake wa mchele kana kwamba nimepita tu kuuliza njia.

Na kubishana sikuweza. Mtu ambaye hajawahi kuwa na mama mkwe wa namna hii hawezi kuelewa. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, macho chini, na yeye alikaa kwenye mkeka wake, na mke wangu akiwa katikati yetu. Maneno yote magumu yalipitia kwake.

"Mwambie mama kwamba koili hii ni ya volti sita kama ile ya zamani. Tofauti ni umbo tu."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie si yake."

"Baba Neema, umesikia?"

"Nimesikia."

Jumamosi baada ya Jumamosi. Mke wangu alikuwa akirudi nyumbani anaumwa kichwa.

Siku moja nilifunga ringi za pistoni nilizozichonga kutoka kwa zile za pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono. Kazi ilikuwa nzuri, na kwa kuwa ringi ziko ndani ya injini, nilijua hatakaa azione. Hakuziona kweli. Alikuja tu akasimama nyuma yangu, akaacha kupitisha maneno kwa mwanawe, akaniuliza mwenyewe.

"Humo umeweka nini?"

"Ringi, mama."

"Za nini?"

Ningeweza kusema lolote. Lakini alikuwa amesimama pale na kitenge chake cha kanisani. "Za pawatila, mama. Nimezichonga zikaenea kabisa."

"Hii inalima?"

"Hapana, mama."

"Toa."

Nikatoa. Injini nzima nikaifumua tena. Ilipita masika, ikaja kiangazi, ikapita masika nyingine, ndipo nilipozipata ringi za kweli kwa fundi mmoja mzee wa Moshi aliyekuwa na injini ya namna ile ndani ya kreti, naye akazitoa kwa shingo upande. Nilipozileta, mama alizinusa. Naapa alizinusa. Akasema, "Haya, hizi ni zake," akaenda kuanika dagaa.

Kitu pekee nilichomshinda ni boya la kabureta, kile kidude kinachoelea ndani ya petroli na kufunga njia ikijaa. Lile la asili lilikuwa limeoza. La plastiki alikataa kabla sijalifungua kwenye gazeti. Nikaenda mtoni kwa wavuvi, nikaomba boya moja la wavu wao, lile la mti mwepesi, nikalichonga na kulipaka vanishi. Alilitazama sana. "Mti wa wapi?" akauliza. Nikamwambia wa hapa hapa, Kilombero. Akakubali. Kwa nini mti wa Kilombero ulikuwa wake na koili ya volti sita haikuwa yake, hilo hakueleza, na mimi niliogopa kuuliza nisije nikaharibu.

Kwa hasira nilianza kusoma. Nilijiunga na makundi ya wapenzi wa pikipiki za kale mtandaoni, wazee wa Marekani na Ulaya, nikawa natafsiri kwa simu wanachoandika. Nikajifunza kwamba miaka ile zilikuwepo za silinda moja kwa wenye kipato kidogo, na za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, za kifahari. Kulikuwa na za magurudumu matatu zenye sanduku nyuma, ambazo nilipoziona nilicheka peke yangu, maana ni guta kabisa, kama haya yanayobeba magunia ya mpunga. Nikajifunza kwamba uchumi wao ulikuwa umeanguka, viwanda vya pikipiki vikafungwa kimoja baada ya kingine, na vilivyobaki vikaanza kupaka rangi za kung'aa na kuchora ndege, ili mtu aliyebakiwa na chochote ashawishike.

Nikampelekea mama mkwe habari hizo, nikidhani zitamlainisha. Hazikuwa mpya kwake. Padri alikuwa ameshamsimulia katekista, na katekista akamsimulia mkewe.

"Ilitengenezwa na watu wenye njaa," alisema. "Mtu mwenye njaa akipewa kazi haifanyii mzaha. Nyie mnakula mnashiba, ndiyo maana mnaleta koili za ajabu ajabu."

Nikamwonyesha picha za wale wazee na pikipiki zao zinazometameta. Akaishika simu mbali na macho.

"Hawa wanaendeshea wapi?"

"Kwenye lami, mama."

"Aa," akasema, akanirudishia simu.

Niliyoyasikia juu yake mitaani yalinichanganya zaidi. Wazee wa soko la samaki bado walikuwa wakimkumbuka. Walisema baba mkwe aliumia mguu akiwa bado kijana, goti la kushoto likagoma kukunja, na kwa kuwa klachi ya mashine ile ni ya mguu wa kushoto, hakuweza kuendesha tena. Basi mkewe akaendesha. Alivaa suruali ya mumewe, akafunga kitenge juu yake, akashika usukani, na katekista akakaa kwenye kigari cha pembeni amepakata begi la misa. Walifika mpaka Malinyi wakati wa kiangazi, na kuvuka mto Kilombero ilikuwa ni kwa pantoni, daraja halijajengwa. Petroli ilipoadimika nchi nzima, mama alichanganya na mafuta ya taa, mashine ikatoa moshi mweusi lakini ikaenda. Watoto walikimbia nyuma yake wakipiga kelele. Wanawake waliacha kupura mpunga wakasimama kutazama.

"Mama yule alikuwa simba," mzee mmoja aliniambia huku anapara samaki. "Siku hizi nani kama yule?"

Ningekuwa na mama mkwe huyo ningefurahi. Niliyempata mimi alikuwa akitembea kwa miguu kila mahali, na neno pikipiki likitajwa barabarani anatema mate.

Mke wangu ni muuguzi. Alipopangiwa zahanati ya kijiji ng'ambo ya mto, kazini walimpa pikipiki ya kufuatilia wajawazito, nami nikamfundisha jioni kwenye uwanja wa mpira. Alijifunza haraka kuliko vijana wengi niliowafundisha. Ana mkono mwepesi wa resi na hana papara. Jumamosi ile akasema anataka kumwonyesha mama yake. Alikuwa kama mtoto aliyeshika namba moja. Tukaingia uani, yeye mbele na pikipiki yake, mimi nyuma na yangu. Mama mkwe alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulikaa nje tukigonga. Hatimaye ikatoka sauti dirishani.

"Peleka kwa jirani kitu hicho, ndipo uje unisalimie."

"Mama, ni ya kazi."

"Mwanamke hapandi pikipiki."

"Na wewe je?" Mke wangu alisogea dirishani. "Wewe uliyekwenda Malinyi?"

"Mimi ni mimi."

Tangu siku hiyo, kwa miaka yote, mke wangu aliiacha pikipiki yake kwa jirani na kumalizia kwa miguu, hata mvua ikiwa inanyesha, hata akiwa na mtoto mgongoni. Na akifika, anamkuta mama yake anapangusa vumbi kwenye ile ya Kimarekani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa upole ambao, ndiyo, ukitazama kwa mbali ungeuita upole. Usiku mke wangu aliniuliza, "Mimi nimemkosea nini?" Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena na spana zangu.

Mwaka mto Lumemo ulipofurika, maji yaliingia mpaka sebuleni. Mama mkwe aliita majirani wote wenye nguvu. Wakaibeba mashine na kigari chake, wakaipandisha juu ya matofali na mabenchi. Kazi hiyo ilikula muda wote. Magunia ya mpunga wa mbegu yalikuwa sakafuni, ukutani, chumba cha pili. Mbegu hiyo ilikuwa yetu sote, sisi na shemeji zangu. Tulipofika na guta kuja kuokoa vitu, maji yalikuwa yameshafika kiunoni mwa magunia na mpunga umevimba.

"Mama, mbegu!" mke wangu alipiga kelele.

"Mpunga unaoteshwa tena," alisema mama, ameshikilia usukani wa mashine isiteleze.

"Unaoteshwa na nini? Mbegu si ndiyo hiyo!"

Msimu ule tulikopa mbegu kwa watu. Mke wangu hakuongea na mama yake mpaka mavuno. Mimi niliendelea kwenda, kwa sababu matope yalikuwa yameingia kwenye bomba la moshi na mtu wa kuyatoa alikuwa mimi. Nilikuwa natoa matope huku namtukana kimoyomoyo, na yeye akiniletea chai ya tangawizi na vitumbua vya moto, akisema, "Kunywa, mkwe, usije ukaumwa." Huwezi kumchukia mtu wa hivyo ukamaliza. Kila ukikaribia anakuletea kitumbua.

Mara moja alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, mkusanyaji wa mashine za kale. Alikuwa mtu mwenye adabu, alivua viatu mlangoni. Alitaja bei ambayo ilimfanya shemeji yangu mkubwa akae chini. Mama alimpikia wali na samaki, akamsikiliza, akamuuliza ataifanyia nini. Yule bwana akaeleza kwamba ataiweka kwenye ukumbi mzuri, watu waje kuitazama.

"Haitatembea?"

"Hapana, mama. Itatunzwa."

"Hapa pia inatunzwa," alisema, akamwongezea wali.

Shemeji yangu hakukanyaga pale nyumbani mpaka Pasaka. Mimi nilimwelewa. Lakini kilichonitesa zaidi ni kwamba mama alitaka itembee na wakati huo huo hakuniruhusu niiwashe. Mpaka kila kitu kiwe chake, alisema, isiwashwe. Na kulikuwa na sehemu moja ambayo hakutaka hata niiguse. Ubavuni mwa tangi, pale inapopita ile fimbo ya gia, kuna bamba la chuma lenye mikato. Fimbo ikiingia kwenye mkato wake, gia inakaa. Kila nilipotaka kulifungua bamba lile alisema, "Hapo hapana tatizo. Acha hapo."

Basi nikaacha. Ningefanyaje?

Mwaka wake wa mwisho macho yalianza kufunga ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, mama akapangiwa siku ya kufanyiwa upasuaji. Jumamosi kabla ya siku hiyo tulikwenda. Kwa kuwa haoni vizuri, na kwa kuwa kila kingine kilikuwa kimekamilika, nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimelipania. Nilifungua lile bamba bila kuomba ruhusa. Mikato ilikuwa imelika mpaka imekuwa mviringo, laini kama ukingo wa kijiko. Nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akajaza palipolika, mimi nikapiga tupa. Nikarudi nalo mchana.

Sikutaka kumficha. Nikamwekea mkononi. Akalipapasa kwa vidole, mkato mmoja mmoja.

"Hili si lake," alisema.

Nikaiweka spana chini. Mke wangu alinitazama, akajua. Alifungua mdomo apitishe maneno kama kawaida, nikamwonyesha kwa mkono aache.

"Mama," nikasema, moja kwa moja, nikimtazama usoni. "Naomba unisamehe. Mimi nimechoka. Hilo ni lile lile, nimelijaza tu. Likibaki lilivyokuwa gia haikai. Mtu akiwa mlimani inachomoka yenyewe, mashine inarudi nyuma, na iliyo na kigari cha pembeni nzito namna hii itaua mtu."

Nikadhani nimemtukana. Mkono wake ulikuwa umelifumbata bamba.

"Inachomoka yenyewe?"

"Yenyewe, mama."

"Si mkono wa mtu?"

"Hata ungeishika vipi ukiiachia tu, inachomoka."

"Tangu lini?"

"Sijui. Chuma hakiliki namna ile kwa mwaka mmoja."

Akainama. Alipoanza kuongea hakuwa anaongea nami, wala na mwanawe. Alisema siku ya ile ajali ya pantoni mwenye kuendesha alikuwa mumewe, kama siku zote. Yeye ndiye aliyemwomba amwachie. Alikuwa amejifunza uani pale misheni, akataka watu wa pantoni wamwone. Mumewe akacheka, akahamia kwenye kigari. Wakavuka vizuri. Kwenye kutoka, ule mwinuko wa tope, akaweka gia, mashine ikasita katikati. Mumewe akaruka kwenda kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. "Ikarudi," alisema. "Nikasikia gia imetoka mkononi mwangu. Ikarudi juu ya goti lake."

Mke wangu alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji. Kwao walikuwa wameambiwa tu kwamba baba aliumia pantoni.

"Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Alisema ni bahati mbaya. Mimi nilijua ni mkono. Tangu siku hiyo ndiye mimi niliyeendesha, maana nani mwingine angempeleka? Na kila nikikuta mwinuko naibana ile fimbo kwa goti mpaka juu, kwa sababu mkono wangu siuamini."

Sikujua nilichosikia kama ni huruma au ghadhabu. "Mama. Ulikuwa unaibana kwa goti tangu baada ya ajali?"

"Tangu siku ya pili."

"Na usipoibana?"

"Inatoka."

"Basi ilikuwa imeshalika wakati huo. Mtu haibani kwa goti gia iliyo nzima. Siwezi kuapa kuhusu siku ile, sikuwepo. Lakini padri aliwapa mashine mbovu sehemu hiyo."

Nje kuna mtu alikuwa anapita akiuza mkaa. Kisha, kwa sauti yake ile ile ya kila Jumamosi, akaniambia, "Na wewe miaka yote hii mbona hukusema?"

Nilipiga kelele. Mbele ya mama mkwe wangu, mimi, nilipiga kelele. "Hukuniruhusu nifungue, mama! Mwaka wa kwanza nilikuomba! Ningekwambia mwaka wa kwanza!"

"Ni kweli," alisema. "Uliomba."

Mke wangu akapiga magoti kwenye mkeka. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ndiyo maana hukutaka kuniona kwenye pikipiki."

Mama akamtafuta kwa mkono, akaupata mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akawa anaupapasa kama alivyolipapasa bamba.

"Una mikono yangu," alisema. "Tangu umezaliwa watu wanasema. Nikawa nasema, Mungu wangu, na hilo pia amelichukua."

Hawakukumbatiana. Mke wangu aliendelea kuwa na hasira siku kadhaa, na alikuwa na haki. Kule kutembea kwenye mvua hakukufutika kwa maelezo. Lakini tulipokuwa tunaaga, mama mkwe alinyoosha bamba kunielekea. "Lifunge," alisema. Sikumwuliza kama ni lake.

Siku ya upasuaji bajaji tuliyoagiza ilikwama kwenye tope la mtaa wa juu. Mimi nilikuwa nimefika alfajiri. Mashine ilikuwa imetolewa sebuleni ikawekwa uani, imejazwa petroli, bamba limefungwa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba mama yule haendi hospitali kabla hajaisikia. Nilipiga kiki, ikakohoa. Nikapiga tena. Jasho likanitiririka, shati likanishika mgongoni.

Mke wangu akaingia getini na pikipiki yake. Hakuiacha kwa jirani. Akaizungusha, akaisimamisha mbele ya kibaraza, injini ikiunguruma, akatazama mbele.

Mama mkwe alisimama mlangoni na kitenge chake kipya, begi la hospitali mkononi. Akasikiliza mlio ule mdogo wa Kichina kwa muda. Kisha akashuka ngazi akipapasa, akashika bega la mwanawe, akapanda, akakaa upande mmoja kama wanavyokaa kina mama wote. "Twende," akasema, "tutachelewa."

"Mama, subiri!" nikaita. "Dakika moja tu!"

Hawakusubiri. Nikapiga kiki kwa uzito wangu wote, na mashine ikawaka. Ardhi ikatetemeka. Kuku wakatawanyika, jirani akatoka na mswaki mdomoni. Baada ya miaka yote ile ilikuwa inaunguruma, nzito na ya taratibu, na watu niliowatengenezea walikuwa wameshafika njiani, migongo imenigeukia.

"Mama!" nikapiga kelele. "Imewaka! Mama, imewaka!"

Nikamwona anainua mkono. Nikadhani ananipungia, nami nikainua wangu. Lakini mkono wake ukashuka begani kwa mke wangu, ukamgonga mara mbili, na kutoka nilipokuwa nimesimama nikasikia, juu ya mngurumo wote ule, mke wangu akipandisha gia.